Spoila Isiyoinuka: Kutafuta Hitilafu Katika Saketi ya Mota

Mtahiniwa, mada hii inakuandaa kwa swali ambalo wengi hulikwepa. Unapewa kifaa kilichoharibika, unapewa vipimo vichache vya voltimita, kisha unaulizwa kasoro iko wapi na umejuaje. Kanuni ya Ohm unaijua. Kupanga vikinzani kwa mfululizo na kwa sambamba unakujua. Kinachopoteza alama ni kukimbilia kutaja jina la kipuri bila kuonyesha njia iliyokufikisha hapo. "Mota imeungua" ni tetesi tu mpaka uonyeshe kipimo kinachoithibitisha.

Kifaa chetu ni spoila ya nyuma inayojiinua yenyewe kwenye gari la michezo. Huenda hujawahi kuliona gari la namna hiyo kwa karibu. Haidhuru, mtihani hauulizi kama umewahi kuliendesha. Nimelichagua kwa sababu ndani ya kifaa kimoja kidogo zimekutana kanieneo, mkondo wa umeme, sumaku-umeme na mashine rahisi. Ukiielewa saketi hii, kioo cha gari kinachopanda kwa umeme na geti linalojifungua havitakusumbua, maana saketi zao ni za ukoo mmoja.

1. Kazi ya spoila

Spoila ni kile kibao kinachofungwa juu ya buti au mwisho wa paa la gari. Kwenye magari mengi ya mtaani ni urembo, na ukiing'oa dereva hatahisi tofauti. Gari la michezo lenye mgongo ulioteremka kuelekea nyuma ni jambo jingine. Hewa inayopita juu ya mgongo huo hwenda kwa kasi, na kanieneo yake huwa ndogo kuliko ya hewa iliyo chini ya gari. Matokeo yake ni kani inayolisukuma gari juu. Gari halipai, lakini kani inayoyakandamiza matairi ya nyuma barabarani hupungua, na msuguano unaoyashikilia matairi hayo hupungua pamoja nayo. Spoila ikisimama huuvuruga mtiririko huo, na kani ya kunyanyua hupungua.

Shika jambo moja hapa, kwa kuwa ni rahisi kulitungia swali: kani ya hewa huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendokasi. Gari likitoka km 60 kwa saa kufika km 120 kwa saa, mwendo umekuwa mara 2 lakini kani imekuwa mara 4. Likifika km 180 kwa saa, mwendo ni mara 3 na kani ni mara 9. Ndiyo sababu mjini spoila haina kazi yoyote, ila kwenye barabara kuu za Ujerumani, ambako baadhi ya sehemu hazina kikomo cha mwendo, ni suala la uhai.

Audi TT ilionyesha hivyo. Gari hilo la Kijerumani lilianza kuuzwa mwaka 1998 likiwa na mgongo wa mviringo, bila spoila. Zikatokea ajali, nyingine za vifo: dereva akiwa katika mwendo mkubwa, akibadili njia ghafla au akiwa kwenye kona, nyuma ya gari ilipoteza mshiko. Kampuni iliyaita magari iliyokwisha kuyauza, ikayafungia spoila ndogo isiyosogea, ikarekebisha mfumo wa springi na kuongeza mfumo wa kielektroniki wa kuzuia gari lisiserereke. TT ya kizazi cha pili, ya mwaka 2006, ilikuja na spoila inayojiinua.

Kwa nini ijifiche badala ya kusimama muda wote? Kwa sehemu ni sura ya gari, na kwa sehemu ni kwamba kwenye mwendo mdogo haina faida. Porsche 911 ya kizazi kiitwacho 964, iliyoingia sokoni mwaka 1989, iliinua spoila yake kwa mota ya umeme gari lilipofika karibu km 80 kwa saa, na kuishusha gari lilipokaribia kusimama. Porsche Boxster ya kwanza, ya mwaka 1996, huiinua kwenye km 120 kwa saa na kuishusha kwenye km 80 kwa saa.

Tazama tena namba za Boxster. Kwa nini isishuke pale pale kwenye 120? Fikiria dereva anayekwenda 119, 121, 120, 122. Spoila ingekuwa inapanda na kushuka kila dakika, mota ikichemka na meno ya gia yakilika. Pengo kati ya 120 na 80 huizuia isiyumbeyumbe. Pasi ya umeme inayojizima na kujiwasha hutumia mbinu hiyo hiyo: joto la kuizima liko juu kidogo kuliko joto la kuiwasha.

2. Njia ya umeme, kutoka betri hadi ethi

Magari hutofautiana, kwa hiyo chora saketi hii iliyorahisishwa kwenye daftari lako kabla hujaendelea. Usiisome kwa macho tu.

Umeme unatoka kwenye ncha chanya ya betri ya volti 12, unapita kwenye fyuzi ya ampea 15, unafika kwenye relei mbili. Relei ya kwanza ni ya KUPANDA, ya pili ni ya KUSHUKA. Mota ina ncha mbili, na kila ncha imeungwa na relei moja. Relei ikiwa imetulia, huiunganisha ncha yake na ethi, yaani bodi ya chuma ya gari, ambayo ndiyo njia ya kurudi kwenye ncha hasi ya betri. Koili ya relei ikipata umeme huwa sumaku, huvuta kibati cha ndani, na ncha ile ya mota huhamishwa kutoka ethi kwenda kwenye volti 12.

Sasa fuata mkondo kwa kidole. Relei ya KUPANDA ikivuta, ncha ya kwanza ya mota inapata volti 12, na ncha ya pili bado iko kwenye ethi kupitia relei ya KUSHUKA iliyotulia. Mota inazunguka upande mmoja. Relei ya KUSHUKA ikivuta, mambo yanageuka na mota inazunguka kinyume. Kila safari, basi, inazihitaji relei zote mbili: moja iliyovuta na nyingine iliyotulia. Wengi hawalioni hilo, na tutalihitaji baadaye.

Anayeamuru relei ni kisanduku cha udhibiti, kinachopokea taarifa kutoka kwa kihisi mwendo. Pia kuna kitufe ambacho dereva anaweza kukibonyeza kuinua au kushusha spoila gari likiwa limesimama. Katika mchoro wetu kitufe hiki kinakwenda moja kwa moja kwenye relei. Juu na chini kuna swichi za kikomo zinazokata umeme spoila ikifika mwisho wa safari. Mota yenyewe haishiki spoila. Inazungusha kebo mbili zinazopindika, moja kwenda mguu wa kulia na nyingine mguu wa kushoto, na kila mguu una gia ya kupunguza mwendo na kuongeza nguvu. Kisanduku kisipopata ishara kwamba spoila imefika juu, huwasha taa ya onyo kwenye dashibodi. Dereva mwenye busara akiiona hupunguza mwendo kwanza, maswali baadaye.

3. Tazama na usikilize kabla ya kushika mita

Hatua ya kwanza haihitaji chombo chochote. Gari likiwa limesimama, washa swichi ya ufunguo, bonyeza kitufe cha kuinua, na sikiliza. Usijaribu spoila kwa kulikimbiza gari km 120 kwa saa barabarani. Kitufe kipo kwa kazi hiyo.

Tuseme spoila inapanda vizuri kwa kitufe, lakini gari likienda kasi haipandi yenyewe. Bonyezo hilo moja limeziondolea tuhuma sehemu nyingi kwa mpigo. Betri ni nzima, fyuzi ni nzima, relei zinafanya kazi, mota ni nzima, ethi ni nzima, kebo na gia ni nzima, kwani zote zimetumika kuipandisha. Waliobaki ni kihisi mwendo, kisanduku cha udhibiti na nyaya zinazoviunganisha. Mtahiniwa anayeandika "badilisha mota" katika hali hii anamwonyesha msahihishaji kwamba hakulisoma swali.

Sasa geuza. Unabonyeza, unasikia mota ikinguruma, lakini spoila imelala. Umeme umefika, mota inazunguka, kazi yake haifiki mwisho. Tafuta kwenye kebo zilizochomoka au gia zilizolika meno. Upande mmoja ukipanda na mwingine ukabaki chini, mota haina kosa hata kidogo, maana ni moja kwa pande zote mbili. Kebo au gia ya upande uliolala ndiyo yenye tatizo. Usiulazimishe upande huo kwa mkono, utaongeza meno yaliyovunjika.

Spoila ikipanda lakini ikagoma kushuka, kumbuka zile relei. Fyuzi, mota na ethi kuu zimethibitika kwa safari ya kupanda. Inayoshukiwa ni relei ya KUSHUKA isiyovuta, au relei ya KUPANDA ambayo ikitulia hairudi kugusa ethi, au swichi ya kikomo, au waya wa kitufe upande wa kushusha, au bawaba zilizokwama kwa uchafu. Ikiwa relei zote mbili ni za aina moja, zibadilishane nafasi. Tatizo likihama, yaani sasa inashuka lakini haipandi, mojawapo ya relei ni mbovu. Tatizo likibaki pale pale, relei ni nzima na utafute kwingine. Jaribio hili halina gharama na halihitaji mita, nami nalipenda kuliko yote katika mada hii.

Inabaki hali ngumu: unabonyeza, hakuna sauti wala mtikisiko. Hapo ndipo voltimita inapoingia.

4. Voltimita inasema nini hasa

Kabla ya kuweka mikono karibu na miguu ya spoila, ng'oa fyuzi yake. Kisanduku cha udhibiti hakijui kwamba vidole vyako viko pale, na gia zile zina nguvu ya kutosha kuviponda. Fyuzi irudishwe tu unapopima, mikono ikiwa mbali na sehemu zinazosogea.

Anza na jambo linalowachanganya wengi. Kitufe kimebonyezwa, umeweka vijiti vya voltimita kwenye ncha mbili za fyuzi, mita inasoma volti 12. Je, fyuzi ni nzima? La, imekatika. Fyuzi nzima ni waya mfupi wenye ukinzani mdogo mno, kwa hiyo tofauti ya potenshali kati ya ncha zake ni karibu sifuri. Saketi ya mfululizo ikikatika mahali pamoja, mkondo unakuwa sifuri kila mahali. Kwa kuwa V = IR, kila sehemu iliyo nzima inasoma volti sifuri, na volti 12 zote zinaonekana kwenye mpasuko. Andika hivi pembeni ya mchoro wako: penye mpasuko ndipo palipo na volti zote.

Kwa kanuni hiyo, volti 12 kwenye mguso wa relei ina maana mguso haujafunga. Volti 12 kwenye ncha za mota iliyo kimya zina maana mbili, na utazitenganisha kwa amita. Mkondo ukiwa sifuri, koili au brashi za mota zimekatika. Mkondo ukiwa mkubwa, mota ni nzima ila imekwama.

Fyuzi iliyokatika nayo iulizwe kwa nini imekatika. Mota inapozunguka huzalisha volteji kinzani inayopunguza mkondo. Ikikwama volteji hiyo hutoweka, na koili pekee ndiyo inayobaki kuuzuia mkondo. Kwa koili ya 0.6 Ω, mkondo ni 12 ÷ 0.6 = 20 A, na fyuzi ya 15 A lazima ikatike. Kwa hiyo fyuzi mpya ikikatika spoila ikiwa katikati ya safari, tafuta kilichokwama. Ikikatika mara tu unapoichomeka, kabla ya kubonyeza chochote, kuna waya wenye umeme uliochubuka na kugusa bodi. Kuweka fyuzi ya ampea 30 ili "isikatike tena" ni kuuomba waya uwe fyuzi, nao utawaka ukiwa umejificha ndani ya buti.

Tunafika kwenye mtego mkuu wa mada hii. Tutatumia namba za mazoezi, na kama ilivyo kawaida ya mitihani tutaichukulia mota kuwa kikinzani kisichobadilika cha 1.5 Ω. Saketi ikiwa nzima:

I = 12 ÷ 1.5 = 8 A
Nguvu ya mota = VI = 12 × 8 = 96 W

Sasa kiungio cha ethi, pale waya unapofungwa kwa bolti kwenye bodi, kimeshika kutu. Si ajabu. Katika nchi nyingi za Ulaya chumvi humwagwa barabarani wakati wa baridi kuyeyusha barafu, na maji hayo ya chumvi hurukia kila upenyo wa nyuma ya gari. Kutu hiyo imeleta ukinzani wa 2.5 Ω. Ni mdogo, lakini umekaa mfululizo na mota:

Ukinzani wote = 1.5 + 2.5 = 4.0 Ω
I = 12 ÷ 4.0 = 3 A
Volti kwenye mota = 3 × 1.5 = 4.5 V
Volti kwenye kiungio = 3 × 2.5 = 7.5 V
Nguvu ya mota = 4.5 × 3 = 13.5 W

Mota iliyozoea wati 96 imepewa 13.5. Haiwezi kuinua kitu. Wati 22.5 zinapotea kwenye kutu kama joto, na ukikigusa kiungio hicho baada ya muda unaweza kuhisi kimepata moto.

Fikiria mtu anayechomoa plagi ya mota, anaweka voltimita kwenye zile nyaya mbili zilizobaki wazi, anabonyeza kitufe na kusoma volti 12.0 kamili. Anasema: "Umeme unafika wote, kwa hiyo mota imekufa." Ananunua mota mpya, anaifunga, na spoila inabaki imelala. Amekosea wapi?

Alipoichomoa mota, aliuondoa mkondo. Voltimita ya kidijitali huwa na ukinzani wa mamilioni ya omu. Mkondo unaopita ndani yake ni mdogo kiasi kwamba 2.5 Ω za kutu hazipotezi volti inayoonekana. Kutu ipo, ila bila mkondo haina cha kupunguza. Ili ijionyeshe lazima mkondo upite, yaani mota iwe imechomekwa na kitufe kimebonyezwa wakati wa kupima. Bomba la maji lililoziba nusu hufanana na hilo: ukifunga koki, presha ni ile ile pande zote mbili za kizuizi, na ukifungua ndipo maji yanapotoka kwa kudondoka.

Usijaribu kulimaliza tatizo hili kwa omita huku saketi ina umeme. Omita hutumia betri yake yenyewe, na umeme wa nje utakupa jibu la uongo au kuiharibu mita. Ukinzani hupimwa baada ya kuondoa umeme.

5. Swali la mfano na jinsi ya kulijibu

Spoila ya gari haiinuki. Kitufe cha kuinua kimebonyezwa na mota imeunganishwa. Vipimo ni hivi: kwenye betri 12.0 V, kwenye fyuzi 0.0 V, kwenye mguso wa relei 0.0 V, kwenye ncha za mota 4.5 V, kati ya waya wa ethi wa mota na ncha hasi ya betri 7.5 V. Mkondo ni 3 A. (a) Taja sehemu yenye hitilafu na utoe sababu. (b) Kokotoa ukinzani wa hitilafu hiyo. (c) Eleza jaribio moja la kuthibitisha jibu lako.

Jibu dhaifu husomeka hivi: "Mota ni mbovu kwa sababu inapata volti chache." Lina sentensi mbili zinazopingana. Kama inapata volti chache, kosa ni la aliyezichukua zilizobaki.

Jibu zuri huanza na hesabu ya jumla: 0.0 + 0.0 + 4.5 + 7.5 = 12.0 V, kwa hiyo volti zote zimepatikana na hakuna sehemu ya saketi iliyosahaulika. Kisha hueleza kwamba njia ya ethi ilitakiwa kusoma karibu sifuri kwa kuwa ni kipitishi kizuri, lakini imesoma 7.5 V huku mkondo ukipita, hivyo ina ukinzani usiotakiwa. Fyuzi na relei ni nzima kwa kuwa zinasoma sifuri wakati mkondo upo. Ongeza maneno hayo "wakati mkondo upo", kwa sababu sifuri peke yake haitoshi: hata saketi iliyokatika kwingine ingesoma sifuri kwenye fyuzi nzima.

(b) R = V ÷ I = 7.5 ÷ 3 = 2.5 Ω.

(c) Unganisha kwa muda waya mnene kutoka ncha ya ethi ya mota hadi ncha hasi ya betri, kisha bonyeza kitufe cha kuinua. Waya huo unakuwa sambamba na kiungio chenye kutu, na mkondo karibu wote unapita kwenye njia yenye ukinzani mdogo. Spoila ikiinuka, hitilafu imethibitika. Tiba ni kufungua bolti, kusugua kutu hadi chuma king'ae, kufunga tena na kupaka grisi ya kuzuia unyevu. Hakuna kipuri kilichonunuliwa.

6. Mazoezi

1. Kiungio cha ethi kimeshika kutu ya 0.5 Ω tu. Kwa mota ile ile ya 1.5 Ω na betri ya 12 V, tafuta mkondo, nguvu ya mota na nguvu inayopotea kwenye kutu. Spoila itafanyaje?

2. Kitufe kimebonyezwa na spoila haisogei. Voltimita inasoma 12 V kwenye mguso wa relei na 0 V kwenye fyuzi, mota na ethi. Ukiisikiliza relei, haisikiki "tik". Taja sehemu mbili zinazoweza kuwa na kosa.

3. Spoila inapanda yenyewe kila mara gari linapofika km 120 kwa saa, lakini taa ya onyo haizimiki. Ni sehemu gani ungeichunguza kwanza, na ni zipi usingezigusa kabisa?

Majibu kwa ufupi. Swali la 1: mkondo ni 6 A, mota inapata 9 V na 54 W, kutu inachukua 18 W. Spoila itapanda, lakini polepole, na dereva anaweza asigundue mpaka kutu iongezeke. Swali la 2: koili ya relei imekatika, au haipati umeme kutoka kwenye kitufe. Ukosefu wa ile "tik" ndio unaokuambia kwamba tatizo liko upande wa koili na si kwenye mguso peke yake. Swali la 3: chunguza swichi ya kikomo ya juu na waya wake, kwa kuwa kisanduku hakipati ishara kwamba safari imekwisha. Betri, fyuzi, relei, mota, ethi, kebo, gia na kihisi mwendo viache. Spoila iliyopanda yenyewe imekwisha kuvitetea vyote.